Wanza Alianguka Nyuma Yangu

Wiki jana niliwaacha kwenye geti la Abdimajid, muuza pikipiki, kule Eastleigh, nikimkabidhi funguo za pikipiki yangu ndogo na kupokea za kubwa. Kuna waliofurahi pamoja nami. Laiti mngejua nilikokuwa naelekea, mngelifunga lile geti nikiwa ndani.

Kwa anayenipata leo, jina langu ni Nzau, mkazi wa Mowlem. Kazi yangu ni kubeba sampuli za damu kutoka zahanati za Mathare na Eastleigh hadi maabara mjini. Miaka saba nimeifanya kazi hiyo kwa pikipiki ya cc mia moja. Mke wangu, Wanza, ni fundi wa nguo, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Binti yetu, Mutheu, ana miaka sita, na wakati wa haya ninayowasimulia alikuwa likizoni kwa nyanya yake, Kangundo.

Ile ndogo ilikuwa na kasoro moja tu. Tukienda Kangundo tukiwa wawili, ikifika mlimani ilikuwa inakata pumzi. Wanza alikuwa anashuka na kupanda mlima kwa miguu, kikapu mkononi, nami nikijikokota mbele yake kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba.

"Nanyoosha magoti," alikuwa akisema, akicheka.

Yeye hakuona aibu. Mimi ndiye niliyeona aibu. Siku moja wajomba zake walitukuta pale mlimani, wakacheka hadi wakashika mbavu. Nikaapa kwamba sitamtembeza tena mke wangu.

Ndipo nikaleta ya cc mia nne.

Wanza alitoka nje na futi ya kupimia nguo shingoni. Akaizunguka mara mbili bila kuigusa.

"Baba Mutheu, hii ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Na yetu iko wapi?"

Nilijifanya napangusa kioo.

Jioni hiyo nikampelekea Kiema, fundi aliyenitengenezea pikipiki tangu siku yangu ya kwanza barabarani. Akaiwasha, akaisikiliza, akaizima. Hakunipa hongera.

"Sikiza, Nzau. Ile ndogo ilikuwa inakungoja. Ukizungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, inafikiria kwanza. Hii haifikirii. Ukiigusa tu imeshaenda."

"Kiema, nimeendesha miaka saba."

"Umeendesha ile miaka saba. Hii una siku moja."

Akaniambia nitafute uwanja mtupu Jumamosi nne mfululizo. Nijifunze kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, mpaka mkono usahau tabia ya zamani. Na mwezi mzima nisimbebe mtu.

"Hata mke wangu?"

"Hasa mke wako."

Nilienda uwanjani Jumamosi moja. Ya pili nilimwambia Kiema kwamba nilikuwa na kazi. Uongo. Ile Jumamosi ya pili nilikuwa nazunguka Mowlem, kutoka stejini hadi kanisani na kurudi, nikipunguza mwendo kila penye watu ili wanione vizuri.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, nikamwambia Wanza ajitayarishe, twende Kangundo tukamwone mtoto.

Akachukua kikapu. Ndani aliweka mkate, majani ya chai ya mama yake, na gauni la Mutheu alilolishona wiki nzima, la rangi ya machungwa. Alipofika penye pikipiki akasita.

"Kiema alisema mwezi mmoja."

"Kiema amekwambia lini?"

"Alikuja kuchukua suruali yake. Alinisihi, Baba Mutheu. Hebu leo twende na gari. Hii tutaipanda ikishakuzoea."

"Kiema ana wivu."

Ndivyo nilivyomsema mtu aliyenitakia mema. Wanza alikuwa bado hajapanda. Nami nikatoa lile neno ambalo sasa linaniamsha usingizini.

"Kwani huniamini?"

Mwanamke anayekupenda, ukimuuliza hivyo, utakuwa umemwachia njia gani? Akavaa helmeti yake, akapanda.

Kiti cha nyuma kilikuwa juu, chembamba, hakina pa kuegemea. Kwenye ile ndogo palikuwa na kichanja cha chuma nyuma, mgongo wake ulikuwa unapumzika hapo. Huku hapakuwa na kitu. Mkono mmoja ukanishika kiunoni, wa pili ukashika kikapu.

Tukaingia barabara ya Kangundo. Karibu na Komarock kulikuwa na lori la mchanga mbele yetu, linatambaa. Nyuma yetu kulikuwa na pikapu nyeupe iliyobeba trei za mayai. Tukafika penye tuta. Lori likapita, nasi tukapita pole pole. Upande wa kulia ukafunguka, barabara tupu, hakuna gari.

Mkono wangu ukafanya ulivyozoea kufanya kwa miaka saba. Ukazungusha mpaka mwisho.

Gurudumu la mbele liliinuka. Nikang'ang'ania usukani, likashuka, na pikipiki ikaruka mbele kama kitu kilichofyatuliwa. Lori likabaki nyuma.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilifurahi. Nilihisi pikipiki imekuwa nyepesi, nikasema moyoni, kumbe nguvu ndiyo hii. Nikapaza sauti kwa raha.

"Umeona, Wanza? Umeona?"

Hakuna aliyenijibu.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa barabarani, mbali, karibu na lile tuta, amelala chali. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama kando kando, pua yake imeingia kwenye mtaro, na mayai yalikuwa yanatiririka kwenye lami. Yule dereva alikuwa amepindisha usukani ili asimkanyage.

Nilipofika nikamkuta dereva amepiga magoti. Ni mtu mzima, ndevu zina mvi. Amevua koti lake akamfunika Wanza miguu.

"Usimwinue!" akanipigia kelele. "Shingo hiyo, usiiguse! Leteni ubao!"

Wanza alikuwa amefumbua macho.

"Baba Mutheu," akasema, "miguu yangu iko wapi?"

"Iko hapa, Wanza. Nimeishika."

"Mbona sisikii ukiishika?"

Mimi nililia. Yule mtu hakulia, alifanya kazi. Alitafuta ubao kwa maseremala wa kando ya barabara, wakamwinua Wanza juu yake, watu sita, wakamlaza nyuma ya pikapu baada ya kuitoa mtaroni na kutupa chini trei zilizobaki. Nilikaa nyuma nikimshika mkono. Yule mtu aliendesha hadi hospitali bila kugonga hata shimo moja, kana kwamba mayai bado yamo.

Jina lake ni Ndung'u. Alinitajia mlangoni pa hospitali, akaniambia, "Ndugu yangu, jipe moyo, Mungu yupo," kisha akaenda. Sikumwambia hata asante.

Daktari alisema mfupa wa mgongo umepata ufa na mishipa imevimba. Mguu wa kushoto unahisi kidogo. Wa kulia hauhisi kitu.

"Atatembea?" nikauliza.

"Tungoje uvimbe upungue. Nikikuahidi leo nitakuwa nakudanganya."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu likavunjika la mwenzangu.

Hapo ndipo alipofika Matheka, mdogo wake Wanza, dereva wa basi la shule. Alikuja mbio, bado amevaa nguo za kanisani. Matheka alilelewa na dada yake tangu akiwa mdogo. Ada yake ya shule ilitoka kwenye ile cherehani.

"Shemeji, kumetokea nini?"

Ningesema wakati huo, hadithi hii ingeishia hapa.

"Tumegongwa," nikasema.

"Na nini?"

"Pikapu. Kutoka nyuma."

"Mwenye gari mlimshika?"

"Hapana."

"Gari lenyewe ni la aina gani? Sema, shemeji!"

"Nyeupe," nikasema. "Ilikuwa na mayai."

Msiniulize kwa nini nilitaja mayai. Uongo nao hutafuta kitu cha kweli cha kusimamia, na mimi sikuwa na kingine. Matheka akaenda kituo cha polisi jioni hiyo hiyo akaandikisha. Nilimwona akienda, nikanyamaza. Nilidhani itakuwa karatasi nyingine ndani ya faili. Pikapu nyeupe Nairobi ni ngapi?

Siku ya tatu, Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Matheka alikuwa upande wa pili. Wanza alikuwa macho, lakini alikuwa amefungwa shingo na mgongo, hawezi kugeuka. Alikuwa ametoka kuuliza kama Mutheu ameshaambiwa.

Mlango ukafunguliwa. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni akaingia, kofia ameivua, mkononi ana chupa ya uji.

"Mama, waendeleaje?" akasema. "Nimekutafuta wodi tatu. Mimi ni Ndung'u, yule wa juzi."

Wanza akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu aanguke.

"Yule wa juzi wa wapi?" Matheka akauliza.

"Wa pikapu, ndugu yangu."

"Pikapu gani?"

"Ile yangu, nyeupe. Ya mayai."

Matheka aliruka kitanda kile sijui vipi. Nilisikia tu chupa ikianguka na uji ukimwagika. Alikuwa amemkaba Ndung'u kola, amembana ukutani.

"Umemvunja dada yangu halafu unamletea uji? Unakuja kuangalia kama amekufa?"

"Nani? Mimi? Ndugu, subiri…"

"Askari! Iteni askari!"

Wauguzi wakaja mbio. Walinzi wa lango wakaingia. Ndung'u hakurusha hata ngumi. Alikuwa anatafuta uso mmoja tu pale chumbani, akaupata.

"Mwambie," akanisihi. "Mwambie huyu kijana. Wewe si ulikuwepo? Mwambie vile ilikuwa."

Watu wote wakanigeukia.

Wanza hakuweza kugeuza kichwa. Aligeuza macho. Alijua kila kitu, na angeweza kusema neno moja pale likamaliza yote. Hakusema. Nimeishi naye miaka kumi na moja, najua kunyamaza kwake. Alikuwa ananiachia mimi. Alikuwa ananipa nafasi niwe mwanamume mbele ya ndugu yake.

Nikatazama uji sakafuni.

"Sijui," nikasema. "Mambo yalikwenda haraka sana."

Ndung'u aliacha kujitetea. Mikono yake ikashuka, kama mtu aliyechoka kutwa nzima. Walinzi wakamtoa, Matheka nyuma yao akipiga simu polisi. Wauguzi wakapangusa sakafu. Tukabaki wawili.

"Wanza…"

"Toka nipumzike."

"Niliogopa. Matheka angeniua. Na kazi, na mtoto, nilifikiria…"

"Kuniangusha nilikusamehe nikiwa bado pale chini kwenye lami," akasema, macho yake yakiwa kwenye dari. "Hata gari la kunibeba halikuwa limegeuzwa. Nilikusamehe, nikaogopa tu wewe utajilaumu. Lakini hili la leo, Nzau, sijui."

Nzau. Tangu Mutheu azaliwe, alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu.

Nilirudi Mowlem kwa miguu. Cherehani ilikuwa kama alivyoiacha Jumamosi, sare ya mtoto wa jirani bado iko chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaweka mguu wangu wa kulia kwenye kikanyagio, nikakanyaga. Gurudumu likazunguka mara moja likasimama. Sikuweza kukanyaga tena.

Kulipopambazuka Alhamisi nilikuwa nimeshaamua. Nitaanza hospitali nimwombe Wanza radhi, kisha niende kituoni nimtoe Ndung'u kwa mdomo wangu mwenyewe.

Muuguzi alinizuia mlangoni pa wodi.

"Samahani, baba. Mgonjwa amesema leo hataki kuonana na mtu."

"Mimi ni mume wake."

"Amesema hasa wewe."

Nikageuka nikaenda kituoni. Pikipiki ilikuwa bado huko barabara ya Kangundo, kwa wale maseremala, na sikuitaka. Njia nzima nilikuwa narudia sentensi moja: Nilikuwa naendesha mimi, hakuna aliyetugonga. Nilikuwa naendesha mimi, hakuna aliyetugonga. Nilipofika ngazi za kituo ilikuwa imeshakaa mdomoni, tayari kutoka.

Ndani nilimkuta Ndung'u kwenye benchi, anafunga kamba za viatu. Ukanda wake na simu yake vilikuwa mezani mbele ya ofisa mmoja mwanamke. Kifuani pameandikwa Aoko.

"Umekuja kwa habari gani?" Aoko akaniuliza.

"Ile ya pikapu. Ya Jumapili."

"Hiyo imekwisha. Nimetoka hospitali sasa hivi. Mgonjwa mwenyewe aliniita, ameandikisha taarifa."

Nikapumua. Wanza amesema ukweli. Naungama na hili pia: nilihisi afueni. Lile jiwe nililokuja nalo njia nzima, mtu mwingine alikuwa amenibebea.

"Mzee Ndung'u," Aoko akasema, "nakusomea ujue kwa nini unaenda nyumbani."

Akafungua faili, akasoma pole pole.

"'Mimi, Wanza, nilikuwa najifunza kuendesha pikipiki ya mume wangu. Nilizidisha mafuta, nikaanguka. Hakuna gari lililonigonga. Mwenye pikapu alinikuta chini akaokoa maisha yangu. Naomba aachiliwe, na naomba anisamehe kwa aliyotendewa na watu wa nyumbani kwangu. Nilikuwa peke yangu. Mume wangu hakuwepo.'"

Ndung'u akainua kichwa. Hakumtazama Aoko. Alinitazama mimi.

"Sasa kuna kitu hakiniingii akilini," Aoko akaendelea. "Ndugu yake mgonjwa aliandikisha kwamba mume ndiye aliyekuwa anaendesha, na kwamba ni mume huyo aliyeiona pikapu ikiwagonga. Huyu mama nimemuuliza mara tatu. Mara tatu amejibu vile vile. Mume wangu hakuwepo. Mmoja amedanganya polisi, na nitajua ni nani. Wewe ni nani kwake?"

"Mume wake."

Aoko akavuta karatasi mpya. Akaandika tarehe juu.

"Haya basi. Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

Ile sentensi niliyoitunza njia nzima ilikuwa imenitoka. Nikisema nilikuwepo, namfanya mke wangu mwongo mbele ya sheria, amelala chali, hawezi hata kuinuka kujitetea. Nikisema sikuwepo, naweka sahihi yangu chini ya maneno yake, na yatakuwa kweli siku zote zilizobaki za maisha yetu.

"Nimekuuliza swali," Aoko akasema.

Ndung'u alikuwa ameshachukua simu yake na kufika mlangoni. Akasimama. Akarudi kwenye benchi, akaketi, akaweka kofia yake magotini, akanisikiliza.

Nikafungua mdomo.